Madairekta wa Nairobi, nani aliwadanganya kwamba muziki wa filamu haufai kunyamaza?

sikio_la_mtaa (mwanzisha uzi)

Jameni, inatosha. Chukua filamu yoyote ya Nairobi ya miaka ya karibuni, iwe ya bajeti nono au ya Riverwood, fumba macho usikilize dakika 10 za kwanza. Droni inapanda juu ya KICC: djembe. Mama anachemsha chai: piano ya huzuni. Kijana anamwomba babake karo: piano ile ile, sasa imeongezwa fidla za kompyuta. Mtu anafungua mlango tu: BWAAAM. Sekunde 5 za kimya huzipati. Filamu ikiisha umechoka masikio na nusu ya mazungumzo imekupita.

Halafu lawama zote anarushiwa mtunzi wa muziki. Si yeye. Uzi huu ni wa madairekta na maprodyusa, maana uozo unaanzia mezani kwenu, mtunzi akiwa bado hata hajapigiwa simu.

Mnavyofanya tunavijua. Edita anakata picha akiwa amelaza chini yake muziki wa kuazima, mara nyingi wa Hans Zimmer, mtunzi wa Hollywood, ili mkato upate mwendo. Hapo hakuna kosa, hata Hollywood hufanya hivyo. Kosa ni kukaa nao wiki baada ya wiki mpaka mnauona ndio filamu yenyewe, kisha siku zikiwa zimeisha mnamtafuta mtunzi na kumwambia atoe “kitu kama hiki, lakini kisifanane sana”. Dairekta Stanley Kubrick naye alinaswa na muziki wa kuazima. Alex North alimwandikia muziki wa 2001: A Space Odyssey (1968), Kubrick akautupa akabaki na muziki wa Strauss na Ligeti aliokuwa akihariri nao. Lakini angalau aliweka kitu chenyewe. Nyinyi mnataka simu ya wizi iliyofutwa namba.

Na huyo Zimmer mnayemwiga hamjamsikiliza. Milio mizito ya tarumbeta kwenye Inception (2010) ina sababu ndani ya hadithi: imechotwa kwenye wimbo wa Edith Piaf uliopunguzwa kasi, kwa kuwa mle ndotoni muda unajivuta. Wa kwenu una sababu gani? Jamaa ameingia kwa wakala wa M-Pesa kutoa mia tano! Hata Interstellar (2014), yenye ule muziki wake Zimmer wa ogani ya mabomba iliyorekodiwa Temple Church, London, watazamaji walilalamika kwamba hawasikii maneno, na hao walikuwa kwenye kumbi za sinema zenye spika za maana. Filamu yako itatazamwa kwa simu ndani ya matatu ya Rongai.

Msinilete kisingizio cha bajeti. Psycho ya 1960 ilitengenezwa kwa pesa za kubana, na mtunzi Bernard Herrmann akaiandikia vyombo vya nyuzi vitupu, bila tarumbeta wala ngoma. Dairekta wake, Hitchcock, hata hakutaka muziki kwenye onyesho la bafuni. Herrmann akaandika, akamsikilizisha, mzee akabadili nia. Sasa rudi ulitazame onyesho hilo vizuri. Mpaka pazia linavutwa, unasikia maji tu. Ingekuwa ni nyinyi, piano ingeanza yule dada akivua viatu.

Tuje kwenye mazungumzo, hapa ndipo ninapochemka. Konsonanti, zile t na k zinazotenganisha “kata” na “kaka”, huishi zaidi kuanzia kilohezi 2 (mitetemo 2,000 kwa sekunde) kwenda juu. Gitaa la nyuzi za chuma, mkono wa kulia wa piano, fidla na kayamba vyote vinalia huko huko. Ukiushusha muziki wote mpaka maneno yasikike, unabaki mnung'uniko usiojulikana wa nini. Ukiuacha juu, Mkenya anaweka maandishi ya chini kwa filamu ya lugha yake mwenyewe.

Dawa inaanza kwenye utunzi wala si kwenye miksi, yaani kuchanganya sauti. Chini ya mazungumzo weka noti ndefu, ziwe nzito kuliko sauti ya msemaji au nyembamba kuliko hiyo kabisa. Melodi inayotembea ingoje mtu amalize sentensi. Wimbo wenye maneno usiweke kabisa, kwa maana sikio litajaribu kufuata maneno ya pande mbili na kukosa yote. Ukifika kwenye miksi, punguza muziki desibeli 2 au 3, kwa mkunjo mpana, kati ya kilohezi 2 na 4. Kisha kompresa ya muziki (kifaa kinachoshusha sauti chenyewe) iendeshwe na traki ya mazungumzo, ishushe muziki desibeli 3 hadi 6 mtu anapoongea. Muda wa kuachia, yaani wa muziki kurudi juu, uwe milisekunde 400 au zaidi. Ukiweka 80, muziki utaruka juu kila mwigizaji akivuta pumzi, ugonjwa ambao tamthilia za jioni zinao sana. Ukiwa na muda, achana na kompresa, shusha kwa mkono sentensi baada ya sentensi.

Sasa hiyo djembe. Ni ngoma ya Mali na Guinea! Kwa nini inalia kila Kibera ikionekana? Hapa kwetu kuna nyatiti na orutu za Wajaluo, obokano ya Wakisii, litungu ya Wabukusu, chivoti ya Wadigo, adeudeu ya Wateso. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na nyinyi mnapakua djembe. Ludwig Göransson, mtunzi Mswidi, alifunga safari hadi Senegal kwa ajili ya Black Panther (2018), akazunguka na mwimbaji Baaba Maal, akamrekodi Massamba Diop kwenye tama, ngoma inayosema, mpaka ngoma ikalitamka jina la T'Challa, shujaa wa filamu. Akapata Oscar. Wewe uko South B, na Bomas ni matatu mbili tu.

Anayetaka kurekodi nyatiti, asikize. Ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu akigonga nayo mwili wa chombo, na njuga za gara mguuni. Maikrofoni moja ielekee ngozi, sentimita 30 hivi, ya pili iwe karibu na mguu. Rekodi mara mbili, mara ya kwanza bila gara kwa ajili ya sehemu za chini ya maneno, ya pili na gara kwa ajili ya picha zisizo na maneno. Kosa kubwa ni kuanza na sintesaiza halafu kumlazimisha mzee aifuate. Nyatiti haijapangwa kwa ngazi ya piano. Anza naye, pima kila uzi kwa kipima-noti, kisha sogeza sintesaiza kwa senti (sehemu za mia za nusu-toni) mpaka ikae chini yake. Programu za kunyoosha noti zisiguse chombo hicho, mvumo wake huzichanganya na unatoka ukilia kama simu ya mkebe.

Na mtunzi mumpe vifaa. Anahitaji picha iliyofungwa, isiyoguswa tena, yenye taimukodi (saa ya filamu) inayosomeka kwenye skrini. Mazungumzo yawe chaneli ya kushoto na muziki wa kuazima kulia, ili auzime akitaka. Anahitaji pia kikao cha nusu siku na dairekta cha kuamua muziki unaingia wapi, unatoka wapi, na unafanya kazi gani pale. Kama hakuna anayeweza kujibu hilo la tatu, pale hapana muziki.

Picha iliyofungwa ni muhimu kwa sababu ya hesabu. Tuseme kofi linampata mtu sekunde 14.6 baada ya muziki kuanza. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mapigo 28 yanaisha sekunde ya 14, yaani kofi limechelewa. Shusha hadi 115 na mapigo yale yale 28 yanaisha sekunde ya 14.61, tofauti isiyofika hata fremu moja, na kwa kuwa 28 ni bari 7 kamili za mapigo manne manne, kofi linatua mwanzo wa bari ya 8. Hakuna atakayejua kwa nini lilimuuma. Sasa edita arudi akate sekunde 2 katikati “kidogo tu”. Kazi imekufa.

edita_wa_usiku

Mkuu, umesema kweli lakini umetuonea. Edita hafungui picha kwa kupenda, anafunguliwa na prodyusa aliyemwonyesha shemeji yake.

Niongeze mawili yanayoharibu kazi kimyakimya. Kwanza ni kasi ya fremu. Kamera ilirekodi fremu 24 kwa sekunde, televisheni yetu ni 25, na mtu anaamua kuiongeza kasi filamu mwishoni. Kipigo kilichokuwa dakika ya 3 kamili sasa kiko dakika 2 na sekunde 52.8. Muziki wa mtunzi bado uko dakika ya 3. Mtu anakufa, muziki unamlilia sekunde 7 baadaye. Amueni 24 au 25 kabla ya kamera kuwashwa na muiandike kwenye kila faili.

Pili ni kasi ya sampuli ya faili ya sauti, kilohezi 44.1 dhidi ya 48. Muziki wa albamu huwa 44.1, picha inataka 48. Faili ikisomwa kama 48 bila kubadilishwa, inakimbia karibu asilimia 9 na kupanda nusu-toni moja na nusu. Ukisikia mwimbaji amekuwa kama mtoto, ni hiyo. Na mtunzi aweke mlio wa kilohezi 1, wa fremu 1, sekunde 2 kamili kabla ya picha ya kwanza. Bila huo tunapanga kwa kubahatisha.

noti_nane

Mnaongea ufundi na mmeruka pesa. Watunzi wenzangu, someni kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kazi ya kuagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukimtungia prodyusa kwa mazungumzo ya WhatsApp ya “tutaongea”, melodi si yako tena. Andikeni kabla ya noti ya kwanza: hakimiliki inabaki kwa nani, filamu inaruhusiwa kuitumia wapi na kwa muda gani, marekebisho mangapi yamo kwenye bei (mawili yanatosha), na nusu ya malipo ilipwe kabla ya kuanza.

Halafu daini orodha ya muziki wa filamu. Kila kipande kiwe na jina, mtunzi na mgao wake, mchapishaji kama yupo, muda kwa dakika na sekunde, na kama kinasikika chinichini au kinachezwa ndani ya onyesho lenyewe, mfano redio ya matatu. Prodyusa asipoijaza, filamu itarushwa mara mia na chama cha hakimiliki hakitakuwa na mahali pa kuona jina lako.

mzee_wa_santuri

Vijana, kelele nyingi, lakini mnasahau kwamba muziki mtamu kuliko wote uliowahi kuandikiwa picha za nchi hii hauna nyatiti hata moja. John Barry, Out of Africa, 1985, akapata Oscar. Kabla yake Born Free, 1966, Oscar mbili. Ile ndege ndogo ikipita juu ya flamingo na nyuzi zikifunguka, mtu anasisimka. Kwa hiyo suala si chombo, ni melodi.

sikio_la_mtaa

@mzee_wa_santuri shikamoo. Melodi ni tamu, sibishi. Lakini Barry aliandika mapenzi ya wageni wawili wakiitazama nchi kutoka angani, na kwa hadithi hiyo alipatia. Wewe ukipiga picha ya mama mboga wa Gikomba, nyuzi hizo zinamtazama kutoka juu vilevile. Na kwenye filamu hiyo hiyo aliigiza mpiga nyatiti Ayub Ogada, wakati huo akijulikana kama Job Seda. Wimbo wake Kothbiro ulipoingia kwenye The Constant Gardener (2005), sauti moja na nyatiti viliibeba filamu ambayo muziki wake mwingine aliuandika Alberto Iglesias, bila wawili hao kugombana. Hilo ndilo ninalodai: mtu aliyechagua.

@edita_wa_usiku nakubali, shemeji aongezwe kwenye orodha ya wahalifu. Ila maedita nanyi jaribuni hili: kateni mara ya kwanza bila muziki wowote. Onyesho likilegea, tatizo ni mkato, na mtalijua mapema. Au mpeni mtunzi skripti kabla ya kamera. Mtunzi Hildur Guðnadóttir aliandika muziki wa selo wa Joker (2019) kabla ya kupigwa picha, na ile densi ya chooni ilichezwa muziki ukilia pale pale.

@noti_nane asante, ningeisahau hiyo.

Walioniuliza kwa ujumbe kuhusu ukubwa wa sauti: Netflix wanataka −27 (LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti; LUFS ni kile kile) ikipimwa kwenye mazungumzo, na vilele vya sauti visipite desibeli −2. Kiwango cha Ulaya cha televisheni, R128, ni −23 kwa programu nzima. YouTube hushusha kilichozidi −14 hivi, lakini haipandishi kilicho chini. Kwa hiyo msitume miksi moja kila mahali. Mtunzi alete stemu, yaani sehemu za muziki zikiwa faili mbalimbali (ngoma, besi, noti ndefu, melodi, sauti za watu), ili mchanganyaji akibanwa na maneno azime melodi peke yake badala ya kuushusha muziki wote. Na kabla ya kutoa faili ya mwisho, isikilizwe kwa spika ya simu ya bei ya chini, dirisha likiwa wazi upande wa barabara.