Wakala alituuzia "siku moja ya Paris" ndani ya likizo ya Disneyland: tulilipa mara mbili, na mji tukauona dirishani

Ndugu wanajukwaa,

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika, kwa sababu nilitaka kwanza kumpa wakala wetu wa safari nafasi ya kujibu barua yangu ya malalamiko. Amejibu, na jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Sitamtaja jina. Ninalotaka ni kwamba mzazi mwingine anayekusudia kuwapeleka watoto Disneyland Paris, na anayefikiri kuongeza siku moja ya kuingia mjini, ajue namna siku hiyo inavyouzwa na namna inavyoweza kuharibiwa na mtu ambaye hajawahi kufikiria maana ya kutembea na mtoto mdogo na mzee kwa wakati mmoja.

Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 68, na watoto watatu wenye miaka 12, 8 na 3. Tulinunua kifurushi cha usiku nne katika hoteli ya bustani ile ya burudani, na kwa kuwa Disneyland ipo Marne-la-Vallée, takriban kilomita 32 tu mashariki ya Paris, tuliona itakuwa jambo la kusikitisha kufika karibu namna ile na kurudi bila kuuona mji wenyewe. Wakala alikubali kwa haraka. Alisema ana "siku ya Paris" iliyo tayari, kwa basi, pamoja na mwongoza watalii, na kwamba hatungehitaji kufikiria chochote. Bei ilikuwa euro 89 kwa kila mtu mzima na euro 69 kwa kila mtoto, akiwemo huyu wa miaka mitatu, hivyo jumla tukalipa euro 474. Tulilipa miezi minne kabla ya safari, nami nasisitiza miezi hiyo minne kwa sababu nitairudia.

Kosa la kwanza lilikuwa siku yenyewe. Wakala alituwekea Jumanne, ilhali makumbusho ya Louvre hufungwa kila Jumanne. Hili si siri, wala si badiliko la ghafla lililotokea wiki ile. Ndiyo ratiba ya kawaida ya makumbusho hayo, na mtu yeyote anayejiita muuza safari za Paris anapaswa kuijua kama anavyojua siku zake za mapumziko. Hata hivyo karatasi ya ratiba tuliyopewa iliandikwa "Louvre" kwa herufi nzito. Tulishushwa, tukapewa dakika 20 za kupiga picha mbele ya piramidi ya kioo, tukapandishwa tena. Binti yangu wa miaka 12, ambaye alikuwa amejiandalia daftari la kuchorea, aliniuliza kama watu wazima hawakujua kwamba mlango umefungwa. Sikuwa na la kumjibu.

Basi liliondoka hotelini saa 2:30 asubuhi, yaani katika saa ambazo barabara kuu ya A4 hujaa magari ya watu wanaokwenda kazini Paris. Tulifika saa 4:20. Mtoto mdogo alikuwa amelala usiku sana kwa ajili ya onyesho la fataki, akaamshwa mapema kwa ajili ya basi, na kwa karibu saa mbili alilia katika kiti ambacho hakuruhusiwa kukiacha. Siwalaumu abiria wengine waliotugeukia kwa macho makali. Namlaumu aliyepanga safari ya asubuhi mara baada ya usiku ambao alijua fika, kwa sababu yeye ndiye aliyetupendekezea, kwamba familia yote ingekuwa nje hadi bustani ifungwe.

Kisha ukaja Mnara wa Eiffel. Ankara yetu inasema, nami nainakili neno kwa neno, "kutembelea Mnara wa Eiffel". Watoto walikuwa wakiuzungumzia kwa miezi kadhaa: kwamba una urefu wa mita 330, kwamba ulifunguliwa mwaka 1889, kwamba mtu mwenye miguu mizuri anaweza kupanda ngazi 674 hadi ghorofa ya pili. Basi lilisimama Trocadéro, ng'ambo ya mto, mwongozaji akatangaza dakika 30 za picha, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hapakuwa na tiketi ya mtu hata mmoja. Tiketi za lifti ya mnara ule huuzwa mtandaoni hadi siku 60 kabla. Wakala alikuwa na fedha zetu kwa miezi minne, kwa hiyo alikuwa na siku zote 60 za kununua tiketi sita, na hakununua hata moja. Mwanangu wa miaka 8 alidhani tunasubiri zamu yetu. Tulipoitwa kurudi kwenye basi alinishika mkono akasema, "Baba, mbona tunaondoka na hatujapanda?" Mama yangu ndiye aliyemchukua na kumbembeleza, maana mimi wakati huo nilikuwa nikizungumza na mwongozaji kwa sauti ambayo sikupenda watoto waisikie.

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote ni la mama yangu. Mama hakutaka mnara wala maduka. Alitaka kuingia Notre-Dame. Tarehe 15 Aprili 2019 tulikaa naye mbele ya televisheni tukiangalia paa la kanisa lile likiwaka na mnara wake mwembamba ukianguka, naye akasema kwamba kama Mungu angempa uhai hadi litakapofunguliwa, angependa kusimama ndani. Lilifunguliwa tena mwezi Desemba 2024. Kuingia ni bure, na anayetaka kupunguza foleni anaweza kujiwekea nafasi mtandaoni, nako pia ni bure. Nilimweleza wakala jambo hili kwa mdomo, na nililiandika pia katika barua pepe ninayo hadi leo, naye akajibu kwamba Notre-Dame "imo katika ratiba". Ilikuwamo kweli: basi lilipita ukingo wa pili wa mto Seine, mwongozaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba mkono wetu wa kushoto tunaliona kanisa maarufu, nasi tulikuwa tumekaa upande wa kulia. Mama aliinuka ili aone. Aliambiwa aketi kwa usalama wake.

Wakati huohuo, muda wa kusimama dukani ulipatikana. Tulikaa dakika 50 katika duka la manukato ambalo hakuna mtu katika familia yangu aliyeliomba, na saa moja na nusu katika mkahawa ambao mwongozaji alituambia ndio pekee tunaoweza kula. Saa 10 alasiri basi likaanza kurudi, na saa 11:40 tukawa hotelini. Nikihesabu muda wote ambao miguu yetu iligusa ardhi ya Paris pasipo kuwa dukani au mezani, nimepata dakika 50: 20 za piramidi na 30 za Trocadéro.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapogeuka kuwa dai. Kifurushi cha hoteli za bustani ile huja na tiketi za kuingia bustanini kwa siku zote za ukaaji, ikiwemo siku ya kufika na siku ya kuondoka. Maana yake ni kwamba Jumanne ile tulikuwa tumekwisha kuilipia bustanini: tiketi sita, pamoja na ya mtoto wa miaka mitatu, kwa kuwa wasiolipa ni walio chini ya umri huo. Juu ya siku hiyo iliyolipiwa, wakala akatuuzia siku nyingine. Alijua. Mtu anayeuza vifurushi hivi kila wiki hawezi kudai kwamba hakujua. Angeweza kutushauri tupunguze usiku mmoja hotelini na kulala usiku wa mwisho mjini Paris, ambako kanisa lingekuwa hatua chache kutoka kitandani. Angeweza kutushauri tukae hoteli ya nje na kununua tiketi za bustani kwa siku tunazozihitaji tu. Hakushauri lolote kati ya hayo, kwa sababu kila moja lingempunguzia mauzo.

Na tulipouliza kuhusu treni alituambia kwamba "treni ni ngumu kwa familia". Naomba mnisikilize vizuri hapa. Kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kipo mlangoni mwa bustani, na ndicho mwanzo wa njia ya RER A, treni inayounganisha vitongoji na katikati ya Paris, kwa hiyo treni inaanzia pale ikiwa tupu na kila mtu anapata kiti. Bila kubadilisha treni hata mara moja, unafika Châtelet-Les Halles, kituo cha katikati ya mji, kwa takriban dakika 40. Tangu Januari 2025 nauli ya treni na metro imekuwa moja kwa eneo lote la Île-de-France, yaani Paris na mkoa unaoizunguka, ukiacha safari za viwanja vya ndege, na mwaka huo ilikuwa euro 2.50 kwa safari. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi. Familia yangu ingekuwa na watu watano wa kulipa, kwenda na kurudi, hata bila kudai punguzo la mtoto wa miaka 8: euro 25. Sisi tulilipa 474.

Kutoka Châtelet, Notre-Dame ni mwendo mfupi wa miguu, wa polepole, hata kwa mtu mwenye magoti ya mama yangu. Baada ya kanisa mngeweza kushuka Pont Neuf na kupanda mashua ya mto Seine kwa muda wa kama saa moja, mzee ameketi, mtoto mdogo amelala kwenye kigari chake, na wale wawili wakubwa wanaupita mnara wao kwa karibu kuliko tulivyouona sisi. Anayetaka kitu cha juu, treni hiyohiyo ya RER A inaendelea hadi Charles de Gaulle–Étoile, chini ya Tao la Ushindi, ambako kuna ngazi 284 na walio chini ya miaka 18 huingia bure. Mambo mawili, labda matatu, kisha kurudi. Mpango huo nimeuandika mwenyewe jioni moja mezani, baada ya safari, na uchungu wake ni kwamba ulihitaji jioni moja tu.

Sisemi kwamba treni haina matatizo. Vituo vingi vya metro ya zamani ya Paris havina lifti, na njia ya 14 ndiyo inayojulikana kwa kuwa na lifti katika vituo vyake vyote, kwa hiyo mwenye kigari cha mtoto afadhali abaki kwenye RER na atembee kwa miguu. Wakati wa kurudi ni lazima kusoma ubao, kwa sababu RER A hugawanyika baada ya Vincennes, na treni ya Boissy-Saint-Léger itakupeleka kwingine kabisa. Nyingine huishia Torcy, kabla ya kufika bustanini. Migomo hutokea, na ukarabati wa reli nao hutokea, hasa majira ya joto. Lakini haya yote ni mambo ambayo wakala mwaminifu anaweza kuyaeleza kwa dakika tano, na mzazi akaamua mwenyewe.

Barua yangu iliuliza maswali matatu: kwa nini Jumanne, kwa nini hapakuwa na tiketi za mnara, na kwa nini hatukuambiwa kwamba siku ile tayari tumeilipia bustanini. Jibu lilikuwa na aya mbili. Kuhusu Louvre, waliandika kwamba ratiba "inaweza kubadilika kutokana na hali zisizozuilika". Kuhusu mnara, waliandika kwamba "kutembelea hakumaanishi kupanda". Kuhusu tiketi za bustani, waliandika kwamba tulikuwa huru kurudi bustanini jioni tukitaka, kana kwamba mtoto wa miaka mitatu aliyeamshwa alfajiri, na mzee aliyekaa kwenye basi zaidi ya saa tatu, wangeweza saa 12 jioni kwenda kupanga foleni. Kuhusu mama yangu na Notre-Dame hawakuandika hata neno moja, ingawa nilikuwa nimeambatanisha barua pepe yao wenyewe.

Nimewaandikia tena leo asubuhi. Nadai euro 474 zote, kwa sababu huduma iliyoandikwa kwenye ankara haikutolewa, na nadai maelezo ya maandishi kuhusu ahadi ya kanisa. Nimewapa siku 14, na baada ya hapo nitapeleka ankara, ratiba na barua pepe zote kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Naomba wale waliouziwa "siku ya Paris" ya namna hii waandike hapa chini mambo manne: ilikuwa siku gani ya wiki, ankara ilitumia neno gani kuhusu mnara, mlikaa dukani dakika ngapi, na kama mliambiwa kwamba tiketi za bustani za siku hiyo mlikuwa mmekwisha kuzilipia. Msitaje majina ya mawakala. Nitakusanya majibu hayo na kuyaambatanisha na malalamiko yangu, kwa idhini ya kila aliyeandika.