Landrova 109 pikapu: ibaki ya kiwanda au ifanyiwe kazi?

Spana17

Wakuu, naomba tulinganishe bila ushabiki. Pikapu ya Land Rover Series III 109 (inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli), zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Njia ziko tatu:

A. Kiwanda tupu. Petroli cc 2286, difu 4.7 (yaani propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja), breki za ngoma magurudumu yote, usukani wa nguvu za mkono bila pawa.
B. Kufumuliwa. Injini ya dizeli yenye turbo, 200Tdi, difu 3.54, usukani wa pawa, matairi mapana, springi za kunyanyua.
C. Sura ya kiwanda, lakini ndani kuna vitu viwili vitatu vya kurahisisha maisha.

Vijiweni mambo yanajulikana. Wa miaka 25 anataka B na moshi wake. Akifika 45 anaanza kutafuta A, hadi vioo vya taa viwe vya mwaka uleule. Akipita 60 mabega yanadai pawa, na rangi ya kiwanda bado anaitaka. Gari ni lilelile, na litaishi kuliko ladha zote tatu. Sasa kazi ipi inaweza kurudishwa nyuma, na ipi ukiifanya ndiyo imetoka?

Babu Chesisi

Mkuu Spana, hizo herufi zako zisubiri. Kwanza chesisi, na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi, pedali na bawaba za milango. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, haioti kutu kama bati, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia: juu linang'aa, chini limekwisha.

Chesisi ni boksi la chuma lililofungwa, huoza kutoka ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo uigonge yote, hatua kwa hatua. Ikilia kwa sauti kali, chuma kipo. Ikitoa mlio mzito usio na mwangwi, ndani kuna tope na kutu. Anza na boriti ya mwisho nyuma, nenda kwenye mikono inayoshika tangi, malizia na ncha za mbele zinazoshika springi. Kwenye ukuta wa mbele chungulia sehemu ya kuwekea miguu, chini ya nguzo za milango, na pembe za vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo.

Gari la Tanga, Mombasa au Unguja lina shida ya ziada. Chuma kinapogusana na aluminiamu penye chumvi, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Fungua maungio, sugua, paka praima pande zote mbili, weka utepe wa mpira katikati, ndipo ukaze bolti.

Na tafadhali, bati lisibandikwe juu ya bati bovu. Maji hunaswa katikati na chuma kilichobaki huliwa haraka zaidi. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, chomelea kipande cha unene uleule, milimita 2, halafu puliza nta au oili nzito ndani ya boksi kupitia matundu yake.

Kwangu mpaka uko hapo. Injini hutoka na kurudi, bolti hutoka na kurudi. Ukishakata chesisi ili kitu kipite, umewaamulia wote watakaolimiliki baada yako.

DifuMojaTu

Babu kasema. Mimi nashughulikia B, maana wengi huiingia kwa mlango wa difu na hapo ndipo hela inapopotea.

Hesabu kwanza. Tairi 7.50-16 likizunguka mara moja gari husogea kama mita 2.48. Gia ya nne ni moja kwa moja, na transfa (giaboksi ndogo ya nyuma yenye high na low) kwenye high ni 1.148. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika:

- difu 4.7: kama kilomita 83 kwa saa
- difu 4.7 pamoja na ovadraivu ya Fairey (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, 0.782): kama 106
- difu 3.54: kama 110

Kwenye lami, hizo mbili za mwisho ni ndugu. Tofauti inajitokeza mlimani. Gia ya kwanza kwenye low, ukizidisha zote: 4.7 inakupa 40.7 kwa 1, wakati 3.54 inakupa 30.6. Ukiwa na viazi vya kujaza bodi ukipandisha Lushoto, robo hiyo iliyopotea klachi ndiyo itakayoilipa. Kwa hiyo 3.54 na petroli ya farasi 70 ni ndoa mbaya: kila mwinuko unarudi gia ya tatu. 3.54 ina maana ukiwa na Tdi tu.

Jambo la pili. Series III 109 karibu zote zina ekseli ya nyuma aina ya Salisbury. Ni ngumu, haivunjiki ovyo, ila moyo wake hauchomoki kwa mbele kama difu ya Rover. Meno hupangwa ndani ya ganda lenyewe kwa shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi). Mtu ananunua difu mbili za Range Rover, ya mbele inaingia vizuri (hesabu kwanza meno ya hafushafti, zile shafti za kuendesha magurudumu, ziko za 10 na ziko za 24), halafu anasimama nyuma ya gari na difu ya pili mkononi isiyo na pa kuingia. Nyuma unahitaji ekseli nzima ya Land Rover 110 na kuhamishia vikalio vya springi, kazi ya kuchomelea inayotaka kupima pembe ya propela kabla ya moto. Au upange meno mapya ndani ya Salisbury, na hapo utafute fundi mwenye saa ya kupimia nafasi ya meno, asiwe wa kukisia kwa kidole.

Mbele na nyuma lazima zilingane. 3.54 mbele na 4.7 nyuma, siku utakayoingiza four-wheel penye ardhi ngumu, kitu kitavunjika.

Ipo njia ya tatu watu hawaitaji: seti ya gia ndefu ndani ya transfa. High inapanda karibu theluthi moja, low inabaki ya kiwanda, difu hazijaguswa, na kwa nje hakuna anayeona. Ni C safi kabisa. Ubaya wake ni bei na kuagiza nje.

KijanaWaTope

Wazee mnaongea kama gari ni la maonyesho 😄 Petroli 2.25 (hiyohiyo ya cc 2286) inakunywa lita 16 hadi 18 kwa kilomita 100. 200Tdi inatosheka na 10 au 11, ina farasi zaidi ya 105, na nguvu ya kuvuta inazidi mara moja na nusu. Gari linalobeba mzigo kila siku, hesabu iko wazi.

Na si kazi ya kukata hovyo. Bloku ya Tdi ni ya ukoo uleule wa 2.25, matundu ya kuifunga kwenye giaboksi yanalingana isipokuwa stadi chache za kuhamisha. Ya kuzingatia:

Tafuta Tdi iliyotoka kwenye Land Rover Defender, siyo kwenye Discovery. Turbo ya Defender imekaa juu, ya Discovery imekaa chini na bomba lake linakwenda kugonga chesisi. Kama uliyoipata ni ya Discovery, ibadilishie manifoldi, usiguse chesisi.

Tumia flaiwili na klachi ya Series, inchi 9.5. Bushi ya nyuma ya krankshafti iwe ya kipimo cha shafti ya giaboksi yako. Hii ikisahaulika klachi haiachii vizuri na gia ya kwanza inalia.

Tdi hurudisha dizeli kwenye tangi, tangi la petroli halina njia hiyo. Ongeza bomba la kurudishia. Tangi lioshwe na likaushwe kabisa kabla cheche yoyote haijalikaribia.

Mkanda wa taimingi: kwa barabara za vumbi badilisha kila kilomita 48,000. Ukikatika vali zinakutana na pistoni.

Babu Chesisi

Kijana umeeleza vizuri kuliko wenzio wengi. Umeacha giaboksi tu. Ya Series ilitengenezwa kwa injini ya farasi 70. Kwa Tdi inaishi ikiwa mguu ni wa utu uzima. Kwa mguu wa miaka 25 gia ya pili huanza kuruka, kisha beringi hufuata. Pampu isiongezwe dizeli, basi.

Na petroli inasingiziwa sana. Nyingi zinazolaumiwa kwa ulevi zina kabureta ya Zenith iliyopinda. Uso unaounganisha kifuniko na bakuli hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, petroli inavuja ndani, sailensa inatoa moshi mweusi na injini haitulii. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua kifuniko kwa mzunguko mpaka alama iguse kote, badilisha gaskiti na ile oringi ndogo. Halafu mwanya wa pointi milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, tapeti 0.25. Tapeti za ekzosi zikiwa zinabana mara kwa mara, vikalio vya vali vinaliwa, maana petroli ya sasa haina risasi. Hedi ikifunguliwa kwa sababu yoyote, weka vikalio vigumu moja kwa moja.

Shangazi Grisi

Naona wanaume mmekazana kuongeza mwendo, kusimama hamjakutaja 🙂

Ngoma za 109 ni inchi 11 mbele na zinasimamisha gari vizuri kama zimerekebishwa. Pedali ikizama mpaka chini watu hukimbilia diski. Sababu mara nyingi ni hewa iliyonaswa kwenye silinda ya juu ya gurudumu la mbele, kutoa hewa kwa kawaida hakuitoi. Kaza virekebishi vyote mpaka viatu vibane ngoma, toa hewa gurudumu la mbali kwanza, halafu legeza mpaka gurudumu lizunguke kwa mkwaruzo mdogo. Ngoma ya mbele ina virekebishi viwili, ukirekebisha kimoja gari litavuta upande. Lakini kwa Tdi na kilomita 110, hapana, ngoma peke yake simshauri mtu. Servo (kisaidizi cha pedali ya breki) na diski za mbele ziwe sehemu ya bajeti ya B tangu mwanzo.

Springi: za paraboli zina majani machache, zinalainisha sana mwendo wa gari tupu, ndizo zinazopendwa na migongo ya miaka 60. Zinahitaji shokapu nzima kwa sababu majani hayasuguani. Ukizifunga, bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira wa bushi unasokotwa na unachanika mapema.

Matairi: 235/85R16 yana kimo karibu sawa na 7.50-16, unayapata kirahisi Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi), na hesabu ya Difu haibadiliki. Ukienda mapana zaidi yanagusa springi ukikata kona. Utalazimika kurefusha bolti za kizuizi cha kona, na gari ambalo tayari linageuka kama meli litageuka vibaya zaidi.

Midlands_Mswahili

Niko Uingereza, huku hizi gari ziko nyingi, kwa hiyo nizungumzie usukani.

Kabla ya pawa, tafuta kwa nini ni mzito. Katikati ya mfumo kuna rilei (nguzo fupi inayozunguka kupeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu) iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Inatakiwa iwe na oili ya EP90 na karibu zote ni kavu. Ikikwama na kutu, huitoi bila jasho. Usiigonge hovyo, ndani ina springi kali inayoweza kuruka. Kisha boljointi zote 6, upepo wa matairi, na tou-ini (matairi ya mbele kuelekeana kidogo ndani) ya milimita 1.2 hadi 2.4. Baada ya hapo wengi huachana na wazo la pawa.

Kwa ambaye bado anaitaka: boksi la haidroli la Defender linadai kukata na kuchomelea mbele ya chesisi, yaani anachokikataa Babu. Huku wengi wamehamia mota ya umeme ya kwenye nguzo ya usukani, hasa ya Opel Corsa C. Inafichwa nyuma ya dashibodi, unaongeza kifaa kidogo cha kurekebisha nguvu, fyuzi kubwa na alternata ya kutosha. Kinachokatwa ni fimbo ya usukani tu, na fimbo nyingine inanunulika. Uchomeleaji wake apewe mtu mwenye mkono, kipande hicho kikiachia hakuna cha kukuokoa.

Sheria nayo ina sauti: huku gari lililopita miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka kama halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30. Chesisi iliyokatwa inaweza kukuondolea msamaha huo.

Spana17

Kwa hiyo C inajieleza yenyewe: ovadraivu au transfa ndefu, paraboli, mota ya Corsa, servo. Maswali mawili. Spidomita inaathirika vipi? Na vitu vya kiwanda vikitoka viwekwe wapi?

DifuMojaTu

Spidomita inaendeshwa kutoka nyuma ya transfa. Ukibadilisha difu kuwa 3.54 itakudanganya: inaonyesha 60, uko karibu 80. Ovadraivu na transfa ndefu zinafanya kazi kabla ya hapo, kwa hiyo inabaki sahihi. Ovadraivu ina oili yake kidogo sana, ichunguliwe kila wiki. Ikikauka inaanza kulia kama mbu, na ukiisikia imeshachelewa.

Babu Chesisi

Kabureta imwagwe petroli yote, ipakwe oili nyepesi, ifungwe kwenye nailoni. Injini ya petroli iwekwe oili kijiko kimoja kila silinda, plagi zirudishwe, matundu ya manifoldi yazibwe kwa kitambaa, na isikae juu ya sakafu ya saruji, weka mbao. Igeuzwe kwa mkono mara moja kwa mwezi. Namba ya injini iandikwe kwa rangi kwenye mbao ileile, maana kadi ya gari ikishabadilishwa kwa injini mpya, hiyo ya zamani bila namba ni chuma chakavu.

KijanaWaTope

Babu, hiyo 2.25 ukiichoka niambie bei.