Tupeane uzoefu: kurekodi "Usiku Mtakatifu" kwa namna yako mwenyewe

Mwenye mada, Kirumba

Wapendwa, Noeli inakaribia, na najua humu wamo wanakwaya, wapiga kinanda na waimbaji binafsi waliowahi kuingia studio, au kujifungia chumbani na simu, ili kurekodi wimbo wa zamani wa Noeli kwa namna yao. Naomba tupeane uzoefu, nami naanza na wangu.

Niliuchagua "Usiku Mtakatifu" kwa sababu kila aliyekulia kanisani anaujua bila kushika kitabu. Maneno yake ya asili yaliandikwa na padri Joseph Mohr mwaka 1816, naye Franz Xaver Gruber akayatungia muziki uliosikika kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kijiji cha Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria, ukiimbwa kwa sauti mbili na kusindikizwa na gitaa. Habari hiyo ya gitaa ilinitia moyo sana, maana wenzangu kadhaa walikuwa wakisisitiza kwamba bila kinanda na sauti nne wimbo huo utapwaya, kumbe ulianza na watu wawili na nyuzi chache.

Jambo lililonifaa kuliko yote lilitoka kwa mwalimu wetu wa kwaya. Tulipokuwa tukitafuta mahali pa kuiweka Do, yaani noti ya msingi inayoamua wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani, hakuniimbisha mwanzo wa wimbo, bali alinipeleka moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, ule unaorudiwa. Hapo melodia inakwenda re, re, fa, re, ti, do, mi, na hiyo fa ndiyo noti ya juu kuliko zote. Kisha marudio yanateremka mpaka do ya chini kabisa, ambayo haipatikani popote pengine katika ubeti. Mwimbaji anayeanza kwa raha kwenye sol hudhani amekaa vizuri, halafu fa ikifika sauti inabana. Tuliteremsha Do hadi A, na tangu hapo niliweza kuimba kwa upole, jinsi wimbo wenyewe unavyotaka, bila kupiga kelele.

Melodia sikuigusa. Kwa maoni yangu, wimbo ambao waumini watashindwa kuufuata kanisani umeacha kuwa wao, hata kama umepambwa vizuri namna gani. Karibuni.

Mchangiaji, Kisesa

Nakuunga mkono kuhusu melodia, ila mimi niligusa mapigo. Naishi jirani na Bujora, mahali ambapo Padri David Clement aliingiza ngoma na sanaa za Kisukuma ndani ya ibada miongo mingi iliyopita, kwa hiyo kwetu ngoma kanisani si jambo la kuombea radhi.

Prodyuza alikuwa tayari ameandaa biti ya nne kwa nne, yaani ya mapigo manne manne, na nilipojaribu kuimba juu yake maneno yalibanwa yakawa kama yanakimbizwa. Wimbo huu ni wa sita kwa nane, unabembea. Nilimwomba aiondoe biti yote, tukaita wapigaji wawili: ngoma kubwa ikapiga pigo la kwanza na la nne, kayamba ikajaza mapigo yote sita kwa sauti ndogo. Mwisho wa kila mstari, neno linapovutwa, ngoma ndogo inajibu kisha inanyamaza. Ubeti wa pili niliuimba kwa Kisukuma, na wazee wa jumuiya yetu waliposikia waliingia nao bila kuelekezwa, kwa kuwa melodia walikuwa nayo tangu utotoni.

Mchangiaji, Ukerewe

Kwa tusio na studio karibu: simu inatosha ukiitafutia chumba. Adui yetu ni bati, kwa sababu Novemba na Desemba mvua ikianza hakuna kinachosikika, na hata pasipo mvua upepo wa ziwa hutikisa madirisha mchana kutwa. Nilirekodi alfajiri, magodoro yakiwa yameegemezwa kwenye kuta mbili na blanketi nzito mlangoni, simu nikiiweka kando kidogo ya mdomo ili pumzi isiipige moja kwa moja.

Mchangiaji, Nyegezi

Ndugu zangu, naomba niongeze suala la haki, kwani liliniumiza. Mohr alifariki mwaka 1848 na Gruber mwaka 1863, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa nchini inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo melodia ni ya wote. Hata hivyo, tafsiri ya Kiswahili na mpangilio wa sauti nne vinaweza kuwa na mwenyewe aliye hai. Mimi nilimwendea mwalimu aliyeandika mpangilio niliouimba, akanipa ruhusa kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo iliyonisaidia baadaye, pale mtandao mmoja wa video ulipoizuia kazi yangu kwa madai kwamba ni mali ya mtu mwingine, na nikalazimika kuwaandikia mara kwa mara mpaka wakairejesha, Noeli ikiwa imeshapita.

Mwenye mada, Kirumba

Pole sana, dada, na asante kwa kulieleza kwa kina. Nyimbo zenye mpangilio wa walimu wetu ni nyingi, na wengi wao hawajawahi hata kuombwa ruhusa. Mwaka huu nitakwenda kwa mwalimu wangu na karatasi kabla ya kwenda studio. Kama yupo aliyewahi kurekodi na kwaya ya watoto, naomba atueleze aliiweka Do wapi, kwani ndiyo kazi iliyo mbele yangu sasa.