Ukoo wa Mzee Kombo (Ngamiani): vitabu na kanda kabla ya masika

JUMATATU

20:11 Mwanaidi: Assalaam alaykum nyote, shikamooni wakubwa. Fundi wa paa anaanza wiki ijayo na masika yanabisha hodi. Vitabu na kanda za Babu lazima viwe vimetoka chumba cha uani kufikia Jumamosi. Idi upo?

20:13 Mwanaidi: Idi

20:26 Mwanaidi: Naona mmesoma watu kumi na moja.

20:31 Omari: Tumesoma, tunatafakari.

20:32 Rukia: 👍

20:40 Idi: Nipo dada, nilikuwa msikitini. Makasha yako tisa. Sita vitabu, mawili kanda, moja santuri. La chini limeota ukungu. Lililoegemea ukuta lina vumbi chini yake kama unga wa muhogo.

20:42 Mwanaidi: Hilo si vumbi, ni mavi ya wadudu wanaotoboa karatasi. Angalia migongo ya vitabu kama ina vitundu vidogo vya mviringo. Na angalia ukutani: ukiona njia ya udongo, ni mchwa. Hapo dawa inapigwa ukutani na sakafuni. Vitabu visipuliziwe dawa HATA KIDOGO, inaacha mafuta na madoa.

20:44 Omari: Wadudu wasomi hao. Wamemaliza Shaaban Robert kabla ya Idi.

20:44 Idi: 😂😂

20:45 Mwanaidi: Omari tafadhali. Idi, fanya hivi:

1. Kasha la ukungu litoke peke yake, likae barazani kwenye kivuli na upepo. Si juani. Jua linakunja majalada na linafubaza wino.

2. Usifute ukungu ukiwa mbichi, utaupaka karatasi nzima. Simamisha vitabu wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, feni iwe pembeni isivipige moja kwa moja. Siku mbili tatu, mpaka ukungu uwe mkavu.

3. Ukikauka, vaa barakoa, chukua brashi laini ya rangi ya inchi 2 isiyowahi kutumika. Piga brashi kutoka mgongo wa kitabu kwenda ukingoni, nje, upepo ukupige kisogoni. Si ndani, si jikoni.

4. Vyenye vitundu au unga vitengwe. Hivyo ni vya friza.

20:47 Rukia: Friza la nani?

20:48 Mwanaidi: Ahlan Rukia 😊

20:48 Rukia: Nimeuliza friza la nani.

20:53 Mwanaidi: Wadudu na mayai yao hufa kwa baridi. Nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili mfululizo. Kila kitabu kinafungwa ndani ya nailoni, hewa inakamuliwa, kingo zinazibwa kwa utepe wa gundi. Ukikitoa USIFUNGUE siku nzima. Unyevu utatua juu ya nailoni badala ya kutua kwenye kurasa. Anayefungua papo hapo ndiye anayelowesha kitabu halafu anasema friza imeharibu.

20:55 Rukia: Friza langu lina barafu za ukwaju na ubuyu, kuna watoto wa madrasa wa kila siku. Wiki mbili haiwezekani dada.

20:56 Omari: Barafu ya ukwaju yenye ladha ya riwaya. Bei ipande.

20:57 Rukia: Na umeme ukikatika?

20:59 Mwanaidi: Swali zuri. Ukikatika kwa muda wa saa moja na friza limejaa, halina neno, usilifungue tu. Ukikatika usiku kucha, hesabu inaanza upya. Joto likipanda na kushuka wadudu wanazoea na wengine wanapona.

21:02 Idi: Dada, mifuko nitapata wapi? Ilipigwa marufuku tangu 2019.

21:05 Mwanaidi: Hiyo ni ya kubebea mizigo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nailoni nyeupe inauzwa kwa mita. Mita tano zinatosha. Kata, kunja, ziba.

21:06 Idi: Sawa.

21:20 Mwanaidi: Usafiri je? Mimi nimepanga vitabu vyote vije Dar kwangu, nina chumba na kipima unyevu. Ukungu hauoti hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 60. Tanga ndani ya nyumba mwezi wa nne utapita 75 bila wasiwasi. Nani anachangia gari?

21:21 Mwanaidi: Nani anachangia gari jamani?

22:47 Omari: Nilikuwa nimelala.

JUMANNE

06:58 Salim: Sabalkheri kutoka Muscat. Nimesoma yote. Vitabu mnajua wenyewe, lakini hizo kanda mtu asizicheze kwenye redio yoyote kabla hajanisikiliza. Idi, ziko ngapi na za dakika ngapi? Imeandikwa 60 au 90.

09:15 Idi: Shikamoo kaka. 38. Za 60 ni 26, za 90 ni 12. Na kuna pilipili kichaa za nondo ndani ya kasha.

09:16 Omari: Pilipili kichaa??

09:16 Idi: Zile tembe nyeupe zinazonuka.

09:21 Salim: Marahaba. Zitoe hizo tembe leo hii. Mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki, na ganda la kanda ni plastiki. Sasa sikilizeni.

Kwanza, nyuma ya kila kanda, ukingo ule usio na utepe, kuna vipande viwili vya plastiki, kimoja kushoto kimoja kulia. Vunja vyote kwa bisibisi. Redio ikikuta tundu haikubali kurekodi juu yake.

Pili, tazama katikati pale utepe unapopita, kuna kipande cha sponji au kitambaa juu ya bati la shaba. Kikiwa kimebanduka sauti inakuja ya mbali, ya chini, watu wanadhani kanda imekufa. Haijafa. Fungua skrubu tano, hamisha magurudumu na utepe kwenye ganda zima la kanda nyingine. Ganda lililogandishwa bila skrubu unalipasua kwa kisu kwenye mshono, taratibu, utepe ukiwa umezungushwa wote upande mmoja.

Tatu, kabla ya kucheza, zungusha mpaka mwisho, kisha rudisha mpaka mwanzo. Utepe uliokaa miaka umeshikana, ukiucheza hivyo hivyo unakatika au unaliwa.

Nne, kichwa cha redio kisafishwe kwa pamba ya kijiti na spiriti safi ya asilimia 90 na kuendelea. Si vitakasa mikono, vina glisarini. Safisha tena baada ya kila kanda tatu. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, huo ni utepe wenyewe unaopukutika.

09:24 Omari: Hicho kipande cha kuvunja angeambiwa mtu fulani mwaka ule wa fainali.

09:24 Idi: 🙈

09:25 Mwanaidi: Omari!!

09:31 Salim: Nikimalizia. Waya utoke tundu la hedifoni uingie kompyuta kupitia kiunganishi kidogo cha USB, msitumie maikrofoni ya simu kuwekwa mbele ya spika. Rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 48. Mshale wa sauti usipande zaidi ya desibeli −6. Saa moja inakula GB 1 na kidogo. Jumla ni saa 44, kama GB 46. Fleshi mbili za 64, moja ikae Tanga, moja Dar. Na msinitumie humu kama ujumbe wa sauti, WhatsApp inaibana inaua uzumari wote. Tuma kama faili.

09:33 Salim: Sauti ikiwa butu ingawa sponji ipo, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa, izungushe robo mpaka njuga zisikike wazi. Fanya hivyo kwa kila kanda, maana kila moja ilirekodiwa na mashine yake.

09:40 Rukia: 👍

11:52 Baba Mdogo Hemedi: Mtu fulani nani?

11:53 Baba Mdogo Hemedi: Omari sema jina.

12:10 Mwanaidi: Shikamoo Baba Mdogo. Ni utani tu.

12:14 Baba Mdogo Hemedi: Marahaba. Kanda ile haikuwa imeandikwa kitu. Na redio aliniachia kaka mwenyewe kwa mdomo wake. Mnaoyajua ya mpira hamuyataji ya Pongwe.

12:15 Omari: Nisamehe Baba Mdogo.

12:38 Hadija: Jamani mimi niko kazini Mombasa. Nani ameshika santuri? Msizilaze moja juu ya nyingine, zisimame wima zikibanana kidogo. Na zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi za Siti binti Saad aliporekodi Bombay 1928, ni za shelaki. Spiriti ya Salim ISIGUSE, inaziyeyusha. Kitambaa laini chenye maji matone mawili, mbali na karatasi ya katikati.

12:41 Salim: Kweli kabisa, ahsante. Na 78 hazichezwi na sindano ya LP, zile santuri za plastiki. Ya 78 ni nene mara nne. Ile nyembamba inakwenda chini ya mfereji inakusanya kelele.

12:44 Mwanaidi: Hadija una gundi gani ya kurasa zilizotoka? Idi ana selotepu.

12:45 Hadija: IDI WEKA CHINI SELOTEPU

12:46 Idi: 😂 nimeweka

12:58 Hadija: Selotepu baada ya miaka kumi inabaki doa la kahawia na gundi inahamia ukurasa wa jirani. Pika uji: wanga wa ngano kijiko kimoja, maji vijiko vitano, moto mdogo, koroga nusu saa bila kuacha, kisha uchuje kwa kitambaa. Unakaa friji siku tatu nne, ukichacha tupa.

Ukurasa uliotoka: weka karatasi chakavu juu yake, acha ukingo wa milimita 3 tu, paka hapo, toa chakavu, ingiza ukurasa kwenye mshono, weka karatasi ya mafuta pande zote mbili, funga, kandamiza kwa tofali lililofungwa kitambaa mpaka asubuhi. Watu wanapaka sentimita nzima, halafu ukurasa haufunguki na unachanika pembeni.

Vijitabu vya pini zenye kutu: kunjua pini kwa kisu butu upande wa ndani, zitoe. Shona matundu matatu kwa uzi wa pamba uliopakwa nta. Anza katikati kutoka ndani, toka, ingia juu, pita ndani mpaka chini, toka, rudi katikati, funga fundo. Msiniletee uzi wa katani wala kwa utani, Tanga nawajua.

13:02 Omari: Watu wa Mombasa na dharau.

13:20 Mwanaidi: Tunaanza na visivyopatikana tena dukani. Shaaban Robert waliochapwa na Nelson, Kezilahabi ya 1971, Sauti ya Dhiki chapa ya 1973. Idi, umeiona hiyo ya 1973?

14:05 Idi: Haimo.

14:06 Mwanaidi: Daftari la Babu la kuazimisha lipo? Tutajua nani anayo.

14:09 Idi: Lipo. Nipige picha nitume?

14:10 Mwanaidi: Piga. Kurasa zote.

17:36 Shangazi Zuhura: Huyu ni shangazi yenu Zuhura, ananiandikia Mwajuma. Nimesomewa yote tangu jana. Vitabu vya baba havitoki Ngamiani. Alivileta kimoja kimoja kwa mshahara wa bandarini, na aliyetaka kusoma alikuja barazani. Anayetaka kusoma na aje. Na daftari lile lisipigwe picha, lisisomwe humu. Lina majina ya waliokufa na lina majina ya walio hai. Hemedi, kanda zilizoko kwako zirudi.

18:50 Rukia: Shikamoo Shangazi.

19:22 Omari: Shikamoo Shangazi.

21:03 Mwanaidi: Shikamoo Shangazi, nimekusikia. Basi gari hatuna haja nalo. Lakini hapo Ngamiani lazima tupate rafu ya mbao iliyoachana na ukuta upana wa kiganja, ubao wa chini usiwe chini ya sentimita 15 kutoka sakafuni, mlango wa wavu si wa kioo. Kabati la kufunga kabisa kwa pwani ndilo linalofuga ukungu. Nani analipia rafu?

21:40 Mwanaidi: Kimya tena.

22:15 Salim: Mimi fleshi na kiunganishi. Rafu wagawane waliopo huko.

JUMATANO

07:30 Mwanaidi: Idi, leo orodha. Kila kitabu namba kwa penseli ya 2B, ndani ya jalada la nyuma, pembe ya chini. Si kalamu, wino unapenya. Andika: namba, jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, hali, kasha. Hali iwe herufi moja: N nzima, K kurasa zimetoka, U ukungu, W wadudu.

07:34 Idi: Sawa dada. Na vya W vinakwenda friza la nani?

07:35 Mwanaidi: Rukia?

08:50 Mwanaidi: Rukia mpenzi?

10:12 Baba Mdogo Hemedi: Kanda nitakuja nazo mwenyewe. Si Jumamosi hii.

10:13 Mwanaidi: Ahsante Baba Mdogo. Lini?

13:45 Rukia: 👍

13:46 Mwanaidi: Hiyo ni ya friza au ya Baba Mdogo?

16:20 Idi: Dada, dukani 2B hakuna. Ziko HB tu.

16:22 Mwanaidi: HB inatosha. Usibonyeze.