Kuotesha pilipili kali ndani ya nyumba hapa Dodoma: tishu, trei au makopo ya barazani?

Mpangaji wa Kisasa

Wadau habari za jioni. Niko Kisasa, nyumba ya kupanga, uwanja wote umemwagwa zege, sina hata kipande cha udongo cha kuweka mguu. Nataka pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Mpango ni kuanza na mbegu ndani, miche ikishika nguvu niihamishie kwenye ndoo kuukuu za lita 20 kando ya ukuta.

Mwaka jana nilijaribu mara mbili. Mwezi wa saba hazikuota hata moja. Mwezi wa tisa ziliota vizuri tu, nikafurahi, halafu ndani ya wiki moja zikaanza kulala chini mmoja baada ya mwingine kama zilizokatwa na wembe usawa wa udongo.

Sasa ni mwanzo wa Oktoba, na ninasikia njia tatu. Kuna wanaofunga mbegu kwenye tishu yenye unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko mpaka zitoe kimzizi. Kuna wanaotumia trei ya matundu na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), inakaa dirishani sebuleni. Na kuna wanaosema achana na sebule, jaza vikombe vya yogati udongo na samadi, weka barazani. Ipi imewafaa nyie mlio huku huku kwetu? Za nchi za theluji nimeshasoma nyingi, hazinisaidii.

Mama Vitalu

Mwanangu, karibu. Mimi nauza miche Nkuhungu mwaka wa tisa huu, nitasema ninachokiona kila siku.

Hiyo ya mwezi wa saba, huenda mbegu zako hazikuwa mbovu. Pilipili inataka joto la nyuzi 25 mpaka 30 ndipo iamke. Dodoma mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, na wewe nadhani trei uliiweka chini kwenye marumaru. Mbegu inakaa kwenye ubaridi na maji, haifi siku hiyo hiyo, inaoza polepole huku wewe unamwagilia. Halafu watu hawana subira. Pilipili mbuzi inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu, na kichaa ndiyo mvivu zaidi, mwezi mzima unaweza kupita. Nimewahi kumwaga trei ya kichaa nikijua imekufa, kumbe nilikosea siku nne tu. Niliikuta imeota kwenye jalala.

Hiyo ya mwezi wa tisa ni kinyausi. Ukiinama ukauangalia mche wenyewe utaona: majani mawili ya mwanzo bado ni mabichi kabisa, lakini shina pale linapotokea kwenye udongo limesinyaa, jembamba kama limefungwa uzi, rangi ya maji ya chai. Ni ukungu ulio kwenye udongo. Ukichanganya samadi mbichi, maji mengi na chumba kisicho na hewa, umeualika. Mche ulioanguka haurudi. Uondoe, acha udongo ukauke juu, fungua dirisha.

Kwa ndani mimi nasema trei. Kokopiti haina huo ukungu kama udongo wa kuokota. Ikikushinda bei, chukua maganda ya mpunga kutoka Bahi, yachome mpaka yawe meusi (yasiwe majivu), changanya nusu kwa nusu na mboji iliyoiva. Mbegu ifunike kidogo tu, nusu sentimita inatosha.

Fundi Friji

Heshima kwako mama, lakini kwa mtu mwenye mbegu chache tishu haina mpinzani. Sababu ni moja: unaona. Kwenye trei unakaa wiki tatu unaangalia tope, hujui kama mbegu iko hai. Kwenye tishu siku ya nane au ya kumi unafunua, unakuta kimzizi cheupe kimetoka kama mkia wa kiluwiluwi. Ambayo haijatoa unaiacha iendelee kulala, hujapoteza tundu la trei.

Ninavyofanya: naloweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi natandaza kwenye tishu niliyoilowesha na kuikamua mpaka haidondoshi. Ikidondosha, mbegu inakosa hewa na kuoza. Kopo linakaa juu ya friji upande wa nyuma, pana kajoto ka kudumu. Kila siku nafungua kidogo zipumue. Kimzizi kikifika milimita tatu au nne nahamisha kwa kijiti cha meno, nainyanyua kwa ganda lake, mzizi siugusi.

Miezi ya baridi natumia hotipoti. Kopo la mbegu ndani, pembeni chupa ndogo ya maji ya moto, mfuniko juu, nabadilisha maji asubuhi na jioni. Mke wangu amenipa hotipoti moja iliyovunjika mkono, zile nyingine nimekatazwa hata kuzitazama.

Onyo: msiweke juu ya king'amuzi. Ndiyo, kina joto zuri. Kopo langu lilivuja dakika ya 70 ya mechi.

Mgogo Asilia

Mbukwenyi! Jamani mnahangaika. Mama yangu kule Hombolo pilipili kichaa hakuwahi kuipanda. Anamwaga maji ya kuoshea vyombo nyuma ya jiko, pilipili zinaota zenyewe. Hotipoti! Yaani pilipili inalala kwenye hotipoti!

Mwalimu wa Jiografia

Mgogo Asilia, huyo mkulima wa nyuma ya jiko ni ndege. Ndege hasikii ukali wa pilipili kama sisi, anaila kama tunda lingine, mbegu inapita tumboni nzima na kudondoka pale anapotua. Ila ndege akidondosha mia na ikaota moja, hadaiwi na mtu. Huyu ndugu ana mbegu ishirini kwenye pakiti.

Niongezee kwenye suala la dirisha maana hakuna aliyeligusa, na hapo ndipo miche mingi ya sebuleni inapoharibikia.

Kijana wa Makulu

Samahani mwalimu nakukatisha, mimi nimesoma kwamba miche iwekwe dirisha la kusini ndiyo inapata jua siku nzima. Yangu iko kusini ila imerefuka tu, myembamba, inaangukia kioo.

Mwalimu wa Jiografia

Ndiyo hicho nilichokuwa nakuja nacho. Aliyeandika hivyo yuko kaskazini mbali na ikweta, kwao jua liko kusini mwaka mzima. Sisi Dodoma tuko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana linapita upande wa kaskazini, dirisha lako la kusini halilioni kabisa. Mwezi wa 12 linahamia kusini, lakini saa sita linakuwa karibu na utosi, mwanga unaishia kwenye ukingo wa bati. Ongeza nondo, wavu wa mbu na pazia, mche unabaki gizani huku wewe unaona chumba kina mwanga wa kusomea gazeti. Jicho linadanganya sana kwenye hili.

Dirisha la kutafuta huku ni la mashariki. Asubuhi jua liko chini, linapenya mpaka ndani, na halijawa kali. La magharibi nalo lina mwanga, ila jua la saa tisa za Oktoba linapiga kioo mpaka vikombe vinakauka mara mbili kwa siku.

Kama huna la mashariki, taa. LED nyeupe ya kawaida ya wati 12, ishushe iwe kama kiganja kimoja juu ya miche, iwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Hata ukiiwasha kwa saa 16 ni kama sehemu ya tano ya uniti moja ya umeme kwa siku. Isiwake usiku kucha, mche nao unahitaji giza. Na kabla hazijaota taa haina kazi, wakati huo kinachotakiwa ni joto.

Kijana wa Makulu

Kumbe. Asante mwalimu. Nimeshahamisha meza ya miche.

Vitunguu Singida

Mimi ni mtu wa makopo, nitayatetea. Hiyo taa, hilo dirisha, vyote ni kuiga kitu ambacho kipo bure nje ya mlango. Baraza yenye kivuli ina mwanga kuliko sebule yoyote. Miche ya barazani inatoka mifupi, shina nene, kwa sababu kila siku kaupepo kanaitikisa.

Ila sifichi. Upepo wetu wa kanda ya kati, huku Singida na huko kwenu, ni mkavu, vikombe vidogo vinakauka kabla ya saa nne. Udongo unashika ukoko juu, mbegu inashindwa kutoboa. Na kuna kuku wa jirani, sisimizi, panya wanaofukua mbegu usiku. Mimi nafunika vikombe kwa mfuko wa nailoni mpaka ziote, nautoa siku ile ile ya kwanza kuona kijani. Vikombe vinakaa ndani ya beseni, maji nayaweka kwenye beseni yapande kutokea chini, nusu saa, halafu namwaga yaliyobaki.

Udongo wa kusia mbegu nauchoma kwanza. Naulowesha, nautia kwenye debe, moto wa kuni chini, mpaka mvuke utoke vizuri kama nusu saa. Nikipuuza hili, kinyausi kinanikumbusha.

Mama Vitalu

Vitunguu umesema kweli kuhusu mwanga, sikatai. Mimi mwenyewe zikishachomoza hazikai ndani hata siku mbili.

Ila hamjamuuliza kijana mbegu katoa wapi. Mwanangu, mbegu ni za dukani au umekamua tunda?

Mpangaji wa Kisasa

Shikamoo mama. Za kichaa ni za pakiti. Za mbuzi nilitoa kwenye pilipili niliyopewa na nyama choma mnadani Msalato, ilikuwa ya kijani, ila kali ile mpaka leo naikumbuka.

Mama Vitalu

Marahaba. Basi na hapo kuna jibu lako lingine. Tunda la kijani mbegu yake mara nyingi haijakomaa, haioti au inaota dhaifu. Tafuta lililoiva kabisa, jekundu au la njano kulingana na aina, lililoanza kulegea. Toa mbegu, anika kivulini kwenye sahani wiki moja mpaka ikikunjwa inakatika badala ya kupinda. Usianike juani.

Na ujue tunda la sokoni hujui mama yake alikaa na nani. Pilipili zinachavushana shambani. Na kama mzazi alikuwa chotara, watoto hawatafanana naye. Kwenye pakiti angalia lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe, pakiti iliyokaa miaka kwenye rafu yenye jua usiitegemee.

Ukipasua vaa hata mfuko wa nailoni mkononi. Ukali uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na maji matupu hayautoi. Anza na mafuta ya kula, kisha sabuni.

Fundi Friji

Na usiguse macho. Wala usiende msalani kwanza. Sitaki kueleza zaidi.

Mpangaji wa Kisasa

Wadau nimerudi, leo ni wiki ya sita. Niligawa mbegu za mbuzi, zamu hii za tunda jekundu la soko la Majengo, 15 kwa kila njia.

Tishu juu ya friji zilianza siku ya tisa, zikatoa mizizi 13. Nikachelewa kuzihamisha kwa sababu nilisafiri kwenda Kondoa siku mbili, nikakuta mizizi imeshajisokota ndani ya nyuzi za tishu. Nilizovuta zikakatika. Baadaye nikajifunza kukata tishu kwa mkasi na kuipanda pamoja na mbegu yake. Zimebaki nane.

Trei ya kokopiti ilichukua siku 14, zikaota 11, zote zipo. Mmoja ulitoka na ganda la mbegu limekwama kichwani kama kofia, majani yameshindwa kufunguka. Nililitonesha maji asubuhi na jioni, siku ya pili likalegea, nikalitoa kwa kucha. Ungenikuta nimepiga magoti sebuleni ungecheka.

Makopo ya barazani zimeota saba, na ndizo zilizotangulia kutoa majani halisi manne (yale yanayofuata baada ya mawili ya mwanzo). Zingekuwa tisa, ila nailoni moja ilichukuliwa na upepo na kuku akafanya kazi yake.

Kichaa wa pakiti: 20 kwenye trei, zimeota sita mpaka sasa. Mama, sijazimwaga.

Maji ya bomba yamekuwa ya mgao, nikatumia ya kisima ya kuuzwa kwenye madumu. Kokopiti imefanya ukungu mweupe juu, ila ukiugusa ni mgumu kama chumvi. Ni kinyausi au ni nini?

Vitunguu Singida

Hiyo ni chumvi yenyewe. Maji ya visima vingi vya huku ndivyo yalivyo. Kwangua hiyo tabaka ya juu, kisha mara moja mwagilia kwa wingi kutokea juu mpaka maji yatoke chini, yaondoke na chumvi. Njia ya beseni ipumzishe kwanza, inaipandisha. Mvua ya kwanza ikinyesha kinga kila ndoo uliyonayo.

Mama Vitalu

Umefanya vizuri. Sasa usizitoe sebuleni ukaziweka juani moja kwa moja, majani yatababuka meupe siku hiyo hiyo. Leo zipate jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu, kesho masaa mawili, ongeza hivyo wiki nzima. Zikifika urefu wa kiganja na majani sita ndipo uzipandikize kwenye ndoo, jioni. Mvua za Desemba zitazikuta zimeshika. Ndoo umezitoboa chini?

Mpangaji wa Kisasa

Natafuta msumari.