Mafuta ya magari ya doria: stakabadhi zinatosha kama udhibiti?

Mkaguzi_Ilala: Wakuu, habari. Tunahuisha daftari la vihatarishi (orodha ya mambo yanayoweza kuleta hasara na uzito wa kila moja) la polisi ngazi ya mkoa hapa Dar. Mafuta yamewekwa kihatarishi cha chini kwa kuwa stakabadhi zote zipo. Ni sahihi?

LejaSafi: Hapana, mkuu. Stakabadhi inathibitisha mafuta yametoka kwenye pampu, siyo kwamba yameingia kwenye gari la doria. Linganisha leja ya mafuta, daftari la safari na mita ya kilomita. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita, likitembea kilomita 240 linahitaji lita 30. Leja ikisema 55, hizo 25 zitafutiwe maelezo. Ila usimhukumu dereva haraka: gari lililosimama likiunguruma kwenye foleni ya Ubungo linakula mafuta bila kuongeza kilomita. Pima kila gari kwanza, ndipo uweke kiwango chake cha kilomita kwa lita.

Stoo_Keko: Naunga mkono. Anayeidhinisha, anayepokea na anayeandika leja wawe watu watatu. Watu hawatoshi? Mkuu wa kituo asaini kila siku, na mkaguzi wa ndani aje kwa kushtukiza. Mita mbovu ndiyo mwanya mkubwa kuliko yote, maana hapo kilomita hukadiriwa tu.

Mkaguzi_Ilala: Shukrani. Tunaanza na mita.