Shemeji na hizi barua za kimeta kanichosha, nyumba imegeuka maabara

Jamani salamu kwenu mlio huku Marekani na mlio nyumbani, leo, mwanzoni mwa Novemba 2001, nimekuja na hasira ingawa najua mtacheka. Nakaa kwa bro hapa New Jersey, sio mbali na Hamilton, kile kituo cha posta walichokifunga Oktoba 18 baada ya zile barua za unga wa vijidudu vya kimeta (anthrax) zenye muhuri wa Trenton kwenda kwa mtangazaji wa TV Tom Brokaw na seneta Daschle. Kwa hiyo uoga nauelewa, watu wanne wameshakufa, sio mchezo. Ila yanayofanyika humu ndani sio kujikinga, ni vituko vitupu.

Barua haziingii kwa mlango wa mbele. Shemeji anafanya kazi nyumba ya wazee, glavu anazo za kumwaga, basi anavaa jozi mbili, maski, mtandio juu, anaenda kwenye sanduku la barua kama mrina asali, halafu anazitoa moja moja kwa ile mikoleo ya kugeuzia nyama. Jumapili mikoleo hiyohiyo ikarudi jikoni kuchoma kuku!! Nikauliza, nikaambiwa imelala kwenye jiki usiku kucha, na kuku kweli tulikula ana ladha ya bwawa la kuogelea.

Sasa kuna mtu huko kazini kwake kamwambia joto linaua vijidudu. Weee. Akaanza kuzipiga barua pasi. Zile bahasha za bili si zina kidirisha cha plastiki, kikayeyuka kikaganda kwenye pasi, hakuna aliyeniambia, asubuhi mimi nanyoosha shati langu jeupe la kazini naona mistari ya kahawia inatokea mgongoni. Akahamia maikrowevu. Hundi yangu ya mshahara ilikuwa na kibanio cha chuma, ikapiga cheche, ikatoboka katikati pale palipoandikwa kiasi, benki wamekataa na kazini wananiambia nisubiri.

Na wala haisaidii! Hivi vijidudu vikishajifungia kwenye ganda lao havina haraka na mtu, Waingereza walivijaribu kwenye kisiwa cha Gruinard huko Scotland mwaka 1942 na hawakutangaza kisiwa ni salama mpaka 1990, halafu wewe uviue kwa pasi ya sketi? Serikali yenyewe barua za Washington inazipeleka mpaka Ohio zikapigwe mionzi. Tulichoambiwa sisi wa majumbani ni usiitikise barua usiyoielewa, usiinuse, iweke kwenye mfuko, nawa mikono kwa sabuni, basi. Nikisema hivyo naambiwa najifanya daktari, na tangu nilipofungua barua ya chuo mikono mitupu nimetengewa sahani na kikombe changu, wakati kimeta haina hata kuambukizana mtu na mtu. Sisi si tumekulia kwenye ng'ombe, tangu wadogo tunaambiwa ng'ombe akifa ghafla damu inamtoka puani na haigandi usimchune, mzike. Hakuna aliyewahi kutengewa kikombe.

Ushahidi wake mkubwa ni Kenya. Waziri wa afya alitangaza mwezi uliopita kwamba kuna barua imetoka Atlanta ikafika Nairobi na kimeta ndani, si mnakumbuka, sasa ile sehemu ya pili kwamba walipopima tena hakuna kitu shemeji hajawahi kuisikia na hataki kuisikia.

Kilichonifikisha hapa ni mzigo wa mama. Posta walituma kadi kila nyumba nchi nzima kueleza barua ya kutiliwa shaka ikoje (ndio, onyo kuhusu barua limekuja kwa barua, shemeji akailoweka kwanza ndo akaisoma). Kadi na matangazo ya kwenye TV yanasema tahadhari na stempu nyingi kupita kiasi, selotepu nyingi, mwandiko wa mkono, makosa kwenye jina, vyeo visivyo sahihi, madoa ya mafuta, harufu, hakuna anwani ya mtumaji. Jamani huyo si mama yangu huyo?? Kisanduku kimetoka Tanga stempu zimejaa mpaka pembeni, selotepu kazungusha roli nzima, kaniandika INJINIA wakati mimi ndo kwanza mwaka wa pili, achari ya maembe imevuja, ng'onda ananukia toka barabarani, na mtumaji ni "Mama" tu. Halafu kona moja imepasuka inamwaga unga wa njano. Ni bizari! Shemeji alipiga ukelele majirani wakachungulia, akafunika na ndoo uani, jiwe juu, akataka kupiga 911, bro akamwambia "subiri kwanza" huku macho yako kwenye mpira. Nikiisogelea ndoo nazuiwa. Mama anapiga simu anauliza achari imefika, nimjibu nini mimi?

Na bado, huyuhuyu kaagiza Cipro, ile antibiotiki ya kimeta, Dar kwa mdogo wake, kule si unanunua duka la dawa tu, dozi ya siku 60 kwa watu watatu. Zinakuja kwa posta. Yani vidonge vya kujikinga na barua vinakuja ndani ya bahasha, na vikifika sijui navyo vitapigwa pasi.

Wenye haki ya kuogopa ni wale wa posta. Barua ya Daschle ilifunguliwa Oktoba 15, watu wa Bunge wakapimwa wakapewa dawa chapchap, lakini Brentwood, kituo cha posta cha Washington ilikopitia barua hiyohiyo, wafanyakazi waliachwa wanachambua barua mpaka tarehe 21 ndo wakafunga, na wawili wao wamekufa. Yule mama anayetuletea barua hapa mtaani anazishika siku nzima, shemeji anamfungia dirisha usoni, hata salamu hampi. Hii ndo inaniudhi kuliko shati.

Anayejua chumba cha kupanga maeneo ya Trenton au New Brunswick anistue haraka. Nitakuja na nguo, vitabu, na ng'onda kama atakuwa bado analika.